Sayyida Salme: Binti wa Sultani wa Zanzibar aliyetoroka usiku na mimba ya Mjerumani

Usiku wa Agosti 24, 1866, Unguja ilikuwa kwenye shamrashamra za Siku ya Mwaka. Kwa desturi ya wakati ule, wanawake walishuka pwani usiku kuoga baharini na kuuaga mwaka wa zamani. Hakuna aliyeshangaa kuona kundi la wanawake likielekea ufukweni gizani.

Katika kundi hilo alikuwamo mmoja ambaye hakwenda kuoga. Mashua ilikuwa inamsubiri. Ikamchukua hadi kwenye manowari ya Kiingereza, HMS Highflyer, na meli ikaondoka naye kuelekea Aden.

Mwanamke huyo alikuwa Sayyida Salme binti Said, dada yake Sultan Majid aliyekuwa kwenye kiti cha enzi. Zilibaki siku chache tu atimize miaka 22. Alikuwa na mimba, na baba wa mtoto alikuwa mfanyabiashara kutoka Hamburg, Ujerumani, ambaye si Mwislamu.

Waandishi wa riwaya za mapenzi wamekipenda sana kisa hiki. M. M. Kaye alikiingiza kwenye riwaya yake Trade Wind mwaka 1963, na waandishi wa Kijerumani nao wakakigeuza riwaya nzima. Ni rahisi kuelewa kwa nini: kuna kasri, kuna binti mfalme, kuna kijana wa kawaida na kuna meli usiku. Lakini Salme aliishi miaka mingine 57 baada ya usiku ule, na huko ndiko kwenye kisa chenyewe.

Mama aliyeletwa kama mtumwa

Salme alizaliwa Agosti 30, 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe. Magofu yake bado yapo pale ufukweni. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza visiwa hivi mikarafuu.

Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkasi kutoka milima ya Caucasus. Alitekwa akiwa mtoto mdogo vitani, wazazi wake wakauawa, yeye na ndugu zake wakatenganishwa. Alipofikishwa kwa Sayyid Said alikuwa na umri wa miaka saba au nane tu, akalelewa pamoja na watoto wa kasri, na alipokua akawa suria wa sultani.

Hapa inabidi kueleza kidogo, maana mtu wa leo anaweza kuchanganyikiwa. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pale, mtoto wa suria anayekubaliwa na baba yake ni huru na ana hadhi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Sayyid Said alipofariki aliacha watoto 36, na wote walikuwa wa masuria. Kwa hiyo Salme alikuwa binti mfalme kamili, ingawa mama yake alinunuliwa. Ngazi za tabaka zilikuwepo kweli kweli, ila zilipitia kwa baba.

Maisha ya Mtoni yalikuwa ya raha. Salme alifundishwa kupanda farasi, akajifunza kulenga shabaha, akacheza na ndugu wa kila rangi. Chuoni alisoma Kurani kama wasichana wenzake wa kasri. Kusoma kuliruhusiwa, lakini kuandika kulionekana ni jambo lisilomfaa mwanamke.

Yeye akajifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumika kama ubao wa kuandikia, akawa ananakili herufi za msahafu moja moja mpaka mkono ukakubali. Ilipojulikana, watu walimsema sana. Lakini elimu hiyo ya wizi ndiyo iliyokuja kuyaendesha maisha yake yote, kwa heri na kwa shari.

Karani wa uasi akiwa na miaka 15

Sayyid Said alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akiwa njiani kurudi kutoka Oman. Watoto wakagawana. Thuwaini akabaki na Oman, Majid akapata Zanzibar. Salme, aliyekuwa na miaka 12, alitangazwa mtu mzima na kupewa urithi wake: shamba lenye nyumba, pamoja na fedha. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kikamuua mama yake, na mashamba mengine yakawa yake. Akawa binti tajiri, asiye na baba wala mama, katika familia iliyoanza kugombana.

Kaka mwingine, Barghash, alitaka kiti cha Majid. Dada yao Khole, aliyesifika kwa uzuri wake, alikuwa upande wa Barghash, na Salme alimpenda Khole kupita kiasi. Majid hakuwa amemkosea Salme kwa lolote. Aliishi naye utotoni, na walielewana. Lakini akavutwa.

Wala njama zilihitaji mtu wa kuandika barua. Nani mwingine katika mabinti wale aliyejua kuandika? Basi Salme, mwenye miaka 15, akawa karani wa uasi wa mwaka 1859. Barua za kuagiza silaha na za kuwashawishi machifu zilitoka mkononi mwake.

Uasi ulishindwa. Nyumba ya Barghash ilizingirwa, dada zake wakamtoa kwa kumvisha nguo za kike, akapita katikati ya askari akiwa amejifunika na kukimbilia shamba la Marseilles ambako wafuasi wake walikusanyika. Majid akasaidiwa na Waingereza, shamba likashambuliwa na kuharibiwa, na mwisho Barghash akajisalimisha. Alipelekwa uhamishoni Bombay kwa takriban miaka miwili.

Majid hakuwaadhibu dada zake. Lakini mji uliwanyanyapaa. Salme akajitenga mashambani, kwanza Kisimbani halafu Bububu. Kisha Majid akamwomba amwachie nyumba ya Bububu ili konseli wa Uingereza aitumie, naye akakubali na wakapatana. Khole na Barghash wakaliona hilo kuwa usaliti. Akawa sasa amewaudhi wa pande zote mbili, mmoja baada ya mwingine. Kumbukumbu ya Barghash ilikuwa ndefu, na Salme alikuja kulijua hilo baadaye.

Jirani wa upande wa pili

Alirudi kuishi mjini, kwenye nyumba iliyopakana na ya Mzungu mmoja. Rudolph Heinrich Ruete alizaliwa mwaka 1839, akafika Unguja akiwa kijana mdogo kufanya kazi katika kampuni ya Hansing ya Hamburg, na baadaye akaanza biashara yake. Wajerumani wa wakati huo walikuwa na biashara kubwa Zanzibar: pembe za ndovu, karafuu, na simbi zilizopelekwa kutumika kama fedha Afrika Magharibi.

Dari ya nyumba ya Ruete ilikuwa chini kidogo ya ile ya Salme. Kutoka juu aliweza kuona karamu za Wazungu, meza zilivyoandaliwa, watu walivyokula na kucheka. Kutazamana kukawa mazungumzo, na lugha waliyoelewana ilikuwa Kiswahili, ambacho mfanyabiashara yeyote wa Unguja ilibidi akijue.

Kijana wa Hamburg hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa mtu wa daftari na mizani. Hata angekuwa mwana wa mfalme wa Prussia, bado isingewezekana: mwanamke wa Kiislamu haolewi na asiye Mwislamu, na binti wa ukoo wa Al Busaid ndiyo kabisa. Mji ukaanza kunong'ona. Mimba ilipoanza kuonekana, suala halikuwa tena aibu, lilikuwa uhai wake.

Mke wa ofisa wa Kiingereza mjini ndiye aliyesaidia kupanga safari, na nahodha wa Highflyer akakubali kumpokea. Ruete hakuondoka naye. Alibaki Unguja miezi kadhaa kufunga hesabu zake. Majid, pamoja na hasira za watu waliomzunguka, hakumgusa. Salme alikuja kusimulia baadaye kwamba Majid alifikia hadi kumtumia zawadi kwa meli iliyokwenda Hamburg, ambazo hazikumfikia kamwe, na kwamba alizisikia habari zake baada ya kaka huyo kufa. Kwa kweli, katika familia ile nzima, aliyemtendea wema mkubwa kuliko wote ni yule aliyemsaliti.

Mtoto asiyetajwa

Aden alipokelewa na familia ya Kihispania aliyoifahamu tangu Zanzibar. Desemba 7, 1866 akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Heinrich. Ruete alifika mwezi Mei mwaka uliofuata. Mei 30, 1867, siku hiyo hiyo moja, Salme alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa katika kanisa la Waingereza. Wakaanza safari ya kwenda Ulaya.

Heinrich alikufa njiani, kabla hawajafika Hamburg.

Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin, kitabu kinachohesabiwa miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu. Ndani yake kuna vyakula vya kasri, nguo, sherehe, mazishi, dawa, ugomvi wa ndugu, hata jinsi watoto wachanga walivyofungwa nguo. Mimba haimo. Heinrich hayumo. Msomaji wa kitabu hicho anabaki na picha ya wapenzi wawili waliozuiwa kuoana na kulazimika kuondoka, basi. Ukweli wa tarehe ulipatikana baadaye, kutoka kwenye kumbukumbu za ubatizo na barua za maofisa.

Mtu anaweza kusema ni aibu, au ni woga wa wasomaji wa Kikristo wa wakati ule. Lakini hebu fikiria: mwanamke aliyekwisha kubadili jina, dini, mavazi na lugha, akiwa na watoto watatu wa kuwalinda kwenye mji unaomtazama kama kioja. Mtoto aliyemfanya apoteze kila kitu ndiye pekee aliyebaki wake, bila kugawana na wasomaji.

Miaka mitatu ya ndoa

Hamburg haikuwa rahisi. Baridi, milango iliyofungwa, watu wanaomwangalia njiani, chakula asichokizoea, nyumba ambamo ilibidi ajifunze kila kitu upya. Watoto wakafuatana haraka: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said 1869, Rosalie 1870.

Agosti 1870, Ruete aliruka kutoka kwenye tramu ya farasi, akaanguka na kukanyagwa. Alikufa siku tatu baadaye. Salme alikuwa na miaka 25, na mtoto wa mwisho alikuwa na miezi isiyofika minne.

Majid naye alifariki Oktoba mwaka huo huo. Katika miezi miwili Salme alimpoteza mume, na pia ndugu pekee mwenye madaraka ambaye bado alikuwa na huruma naye. Aliyerithi kiti ni Barghash.

Kwa sheria za Hamburg za wakati ule, mjane hakuwa na mamlaka kamili juu ya mali wala watoto, bali waliwekwa wasimamizi. Fedha zikapungua mwaka hadi mwaka. Yule aliyezaliwa katika nyumba yenye mamia ya watumwa akawa anahama mji hadi mji kutafuta maisha nafuu: Dresden, Rudolstadt, Berlin na kwingineko. Akafundisha Kiarabu na Kiswahili kwa malipo.

Na huku Zanzibar kulikuwa na urithi. Katika familia kubwa kama ile, kila ndugu anapofariki bila mtoto kuna mgawo. Salme aliamini fungu lake lipo. Barghash alikuwa na jibu jepesi: aliyetoka kwenye Uislamu harithi.

London, 1875

Mwaka 1875 Barghash alizuru Uingereza kama mgeni wa heshima. Salme akafunga safari hadi London, kwa fedha alizozipata kwa shida, akiwa na matumaini ya kumuona kaka yake ana kwa ana.

Hakumuona. Sir Bartle Frere, mwanadiplomasia aliyekwenda Zanzibar miaka miwili kabla kushinikiza kufungwa kwa soko la watumwa, alimtembelea na kumpa chaguo: aachane na mpango wa kukutana na Barghash, na serikali ya Uingereza itaangalia maslahi ya watoto wake. Waingereza hawakutaka mgeni wao audhiwe. Salme akakubali kwa ajili ya watoto. Barghash alipokwisha kuondoka, akaambiwa yeye ni raia wa Ujerumani, na mambo yake yashughulikiwe na Wajerumani. Alibaki mikono mitupu.

Miaka kumi baadaye, Wajerumani nao wakamwona ana faida. Carl Peters alikuwa amekusanya mikataba na machifu wa bara, Ujerumani ikatangaza ulinzi wake huko, na Barghash akapinga kwa sababu aliihesabu nchi ile kuwa yake. Bismarck akatuma manowari. Na Agosti 1885, katika meli ya Adler iliyofuatana na kikosi hicho, alikuwamo Salme na watoto wake, wakisafirishwa na serikali.

Hesabu ilikuwa rahisi na ya kikatili. Kama sultani angemdhuru dada yake, ambaye sasa alikuwa raia wa Ujerumani, kungepatikana kisingizio cha vita. Kama asingemdhuru, bado uwepo wake ungemkera. Salme si kwamba hakuyajua haya kabisa, lakini hii ndiyo nafasi aliyopewa ya kurudi nyumbani baada ya miaka 19, akaichukua.

Alitembea Mji Mkongwe akiwa amevaa Kizungu, uso wazi. Watu walijitokeza kumsalimia kwa Kiswahili na Kiarabu, wengine kwa kificho wakiogopa kuonekana na watu wa sultani. Barghash alikataa katakata kumpokea. Siku hizo hizo, akiwa ametazamana na mizinga, sultani akakubali matakwa ya Ujerumani. Kuanzia hapo Bibi Emily Ruete hakuwa na kazi tena kwa Berlin. Alipewa ahadi ya fedha kidogo kutoka kwa kaka yake, akaiona ni dharau na kuikataa.

Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufa na Khalifa kushika nafasi yake. Ikawa vilevile. Safari hii aliondoka akijua harudi, na hakurejea Ujerumani kuishi. Alikwenda Mashariki ya Kati, akakaa Jaffa na hasa Beirut kwa karibu robo karne, ambako angalau aliisikia adhana na kuongea Kiarabu na majirani.

Upande unaorukwa

Wanaompenda Salme huruka sura moja ya kitabu chake. Aliandika kuutetea utumwa wa Zanzibar, akiwalaumu Wazungu kwamba wanaulinganisha na ule wa Marekani bila kuuelewa, na akawasema Waafrika kwa maneno ambayo hayasomeki leo bila kukunja uso. Huyu ni mtoto wa Jilfidan, aliyetenganishwa na ndugu zake na watekaji! Kitabu kinakisimulia kisa cha mama kwa uchungu, halafu kurasa nyingine zinawatetea wenye watumwa. Mashamba aliyoyalilia miaka yote yalilimwa na watumwa.

Jambo hilo lilimfuata mpaka baada ya kufa. Mwaka 2019 uwanja mmoja Hamburg ulipewa jina lake, kwa kumuenzi kama mwanamke mhamiaji na mwandishi. Mwaka uliofuata, kurasa hizo ziliposomwa upya, uamuzi ukatenguliwa na jina likaondolewa.

Jena, 1924

Mwaka 1914 alirudi Ujerumani kukaa karibu na mabinti zake. Karibu na mwisho wa maisha yake ukoo wa Zanzibar ulimpatia pensheni ndogo, miongo kadhaa tangu aanze kudai.

Alifariki kwa homa ya mapafu mjini Jena, Februari 29, 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg kwenye makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na familia ya Ruete. Katika vitu vyake kulikuwa na kifuko cha mchanga kutoka pwani ya Zanzibar, na kikazikwa naye.

Mwanawe aliliunganisha jina la babu na la baba, akajiita Rudolph Said-Ruete, na mwaka 1929 akatoa kitabu kuhusu maisha ya Sayyid Said. Yeye ndiye aliyehifadhi karatasi za mama yake, pamoja na mswada wa pili ambao Salme hakuuchapisha akiwa hai: barua ndefu kwa rafiki aliyebaki nyumbani, zinazoeleza Hamburg, ujane na upweke. Karatasi hizo ziliishia Leiden, Uholanzi, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1993.

Mwaka uliofuata kasri la zamani la Beit el Sahel katika Mji Mkongwe lilifunguliwa kama makumbusho. Chumba kimoja kilitengwa kwa ajili yake.